Kikohozi Katika Wimbo wa Tatu

Kikohozi kimoja tu, kifupi na kikavu, cha mwanamume aliyejaribu kukizuia akashindwa. Chepchumba amekibeba masikioni kwa karibu miaka arobaini. Kilitoka mwezi wa nane mwaka 1986, ndani ya ghala la viazi pale Molo, katikati ya ubeti wa pili wa wimbo wa tatu, na siku hiyo kilimkasirisha hata akavua kitambaa cha kichwa akakitupa sakafuni.

Ukimkuta leo hutadhani. Ana miaka sitini na minne, gambuti miguuni tangu alfajiri, ng'ombe watatu, shamba dogo la viazi, na mgongo ambao baridi ya Molo haijaweza kuukunja. Kanisani hukaa benchi la nyuma na huimba chini chini, kama mtu anayebeba maji na hataki yamwagike. Ni mwepesi wa kucheka. Ni mwepesi pia wa pole: mtu akikohoa karibu naye, awe mchungaji mimbarini au mpita njia, Chepchumba humwambia pole kabla hajafunika mdomo. Majirani humtania kwa hilo.

"Mama Cherono, hata ng'ombe akikohoa unampa pole?"

"Kwani ng'ombe hana kifua?"

Wazee walioendesha malori ya viazi miaka ile wana jina lingine la kumwita. Kwao yeye ni Msichana wa Ghala, kwa sababu ndivyo kaseti zake zilivyoandikwa.

Muziki wake ulikuwa kantri ya Marekani, ile ya baa: gitaa linalolia kama mlango wa zizi, mapenzi yaliyoondoka na lori, mtu na glasi yake wakiangaliana. Aliusikia kwanza kwenye redio ya baba yake, akikama, na tangu hapo akashikilia kwamba huo ni muziki wa watu wenye ng'ombe na baridi, kwa hiyo ni wetu. Alipofika miaka ishirini na mitano alikuwa akiimba kila Jumamosi mchana katika baa moja karibu na reli, kwa Kiswahili na Kikalenjin, na madereva walipanga safari zao ili wampate. Aliyempigia gitaa ni mumewe, Kipkemboi, fundi wa malori. Kipkemboi alililaza gitaa magotini na kuteleza juu ya nyuzi kwa pini ya pistoni aliyoitoa kwenye injini iliyokufa. Hakuwa na sauti ya kuimba, na maneno yake yalikuwa machache. Gitaa ndilo lililomsemea.

Wazo la kurekodi lilikuwa la Bethwel, karani wa ghala, ambaye alikuwa na redio ya kaseti mbili na sikio zuri. Walikuwa wamejaribu kurekodi katika baa, zikasikika chupa. Wakajaribu darasani, sauti ikarudi kutoka kila ukuta. Ndipo Bethwel alipowaingiza ghalani, msimu wa mavuno, magunia ya lumbesa yamepangwa mpaka dirishani, yale yanayojazwa mpaka yanaota nundu. Chepchumba alipoimba neno la kwanza, alinyamaza akatazama juu. Sauti haikwenda popote. Viazi viliimeza na kumwachia ile tu iliyotoka kinywani mwake, safi, kama yai lililomenywa.

Maikrofoni ilikuwa moja, ya kuazima kanisani, ikaning'inizwa kwenye boriti kwa kamba ya kufungia magunia. Hapakuwa na mtambo wa kupunguza hiki na kuongeza kile. Kilichokuwepo ni umbali. Chepchumba alisimama chini ya maikrofoni. Kipkemboi aliketi nyuma, na gitaa lilipozidi, Bethwel alipaza sauti, "Kemboi, rudi gunia moja!" Kipkemboi akabeba stuli yake na kurudi nyuma safu moja. Waliendelea hivyo, gunia moja nyuma, nusu gunia mbele, mpaka sauti mbili zikakaa pamoja kama watu wawili kwenye benchi. Mahali alipotakiwa kuketi paliwekewa kiazi sakafuni. Kila wimbo ulikuwa na kiazi chake.

Maneno hayo waliyapeleka hadi nyumbani. Chepchumba alipoanza kugomba kuhusu mafuta ya grisi kwenye mashuka, Kipkemboi alisema taratibu bila kuinua macho, "Mama, rudi gunia mbili," na ugomvi ukaishia kwenye kicheko.

Siku ya kikohozi walikuwa na haraka. Lori la kuchukua viazi lilikuwa limeshafika, wapakiaji wanangoja nje, na Bethwel amewaombea saa moja. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili pia. Wa tatu ndio Chepchumba aliokuwa ameutunga kwa mwezi mzima, wimbo wa mke anayeketi mlimani akitazama barabara:

Taa zako nangojea, zashuka mteremko,
Moja mbili zapotea, ya tatu ndiyo ya kwako.

Akafika hapo hapo, kwenye "ya kwako", akashusha pumzi ili gitaa liingie. Gitaa likaingia. Na pamoja na gitaa, kikohozi.

Aliumaliza wimbo kwa sababu ya heshima. Kisha kitambaa kikaanguka.

"Kipkemboi! Umeniharibia wimbo."

"Si mimi. Ni vumbi la viazi."

"Viazi havikohoi!"

"Hivi vimekaa ndani wiki tatu," akasema Kipkemboi. "Wewe ungekaa?"

Wapakiaji waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, na hilo likamkasirisha zaidi. Alitaka warudie. Lakini saa yao ilikuwa imekwisha, na wanaume walishaanza kubeba magunia mgongoni. Bethwel, ambaye hakupenda kitu kiondoke bila kumbukumbu, alikaa kwenye kona na redio yake akamnakilia dereva wa lori lile kaseti nzima kama ilivyokuwa, huku ghala likipungua safu kwa safu kumzunguka. Kisha lori likaondoka na viazi na kaseti hiyo.

Wiki mbili baadaye waliimba tena wimbo wa tatu katika ghala tupu. Kipkemboi hakukohoa, ila sauti ilikuwa ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Chepchumba aliisikiliza mara mbili akakunja uso. Kaseti chache za namna hiyo zilishatoka, nazo zipo mpaka leo. Kwa zilizofuata, aliirudia ile ya kwanza, ya ghala lililojaa, na akatafuta njia ya kukitoa kikohozi. Alipokuwa akinakili, kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kusimamisha. Neno "kwako" likiisha tu, anabonyeza. Kikohozi kikipita, anaachia. Alirudia mpaka akawa stadi. Kilichobaki ni mruko mdogo: gitaa linaanza kushuka, halafu ghafla limeshafika chini, kama mtu aliyekosa ngazi moja.

Kaseti hizo zilienda mbali. Madereva walizipeleka Nakuru, Naivasha, Mai Mahiu, na wapiga gitaa wa baa za barabarani wakajifunza nyimbo zake kutoka humo. Chepchumba mwenyewe ndiye anayesimulia sehemu hii kwa raha kuliko zote. Miaka kadhaa baadaye alimsikia kijana fulani akipiga wimbo wa tatu sokoni. Alipofika pale, aliruka. Akaruka vizuri kabisa, nusu pumzi, kama ilivyo kwenye kaseti.

"Mbona unaruka hapo?" akamuuliza.

"Hiyo ndiyo staili yenyewe, mama," kijana akamweleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga. "Ukikosa hapo, hujajua kantri ya Molo."

Hakumwambia yeye ni nani. Alimpongeza akaenda zake na kabichi.

Vumbi la viazi halikuwa na hatia. Kifua cha Kipkemboi kilizidi kuwa kibaya mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, na mwezi wa tatu mwaka 1987 akazikwa. Miezi mitatu baadaye Chepchumba alijifungua Cherono.

Hakuimba tena baa. Walimfuata, wakambembeleza, akawaandalia chai na kuwashukuru. Shamba lilikuwa linamsubiri. Alipanda, akapalilia, akavuna, akakama, akamsomesha mtoto mmoja kwa mikono miwili. Sijasikia akilalamika, wala sijakutana na mtu aliyesikia. Wanawake wa kikundi cha maziwa wanakumbuka kwamba mwaka ule barabara ilipokatwa na mvua, ni yeye aliyebeba mikebe yao kwa punda hadi kituo cha kupozea maziwa, siku tisa, na siku ya kumi akauliza kama punda anaweza kupewa likizo.

Zile kaseti za kwanza, zilizotoka moja kwa moja kwenye maikrofoni, alizihifadhi wiki ile ile ya mazishi. Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya, tena kwa mapenzi. Alizifunga kwa kitambaa cheupe akazipandisha darini, juu ya jiko la kuni, pale mama zetu wanapoweka mahindi ya mbegu. Moshi hufukuza fukusi. Kitu kinachotakiwa kuishi mpaka msimu ujao hupandishwa juu ya moshi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi. Akaziweka kati ya mahindi, na kila asubuhi akawasha moto chini yake.

Cherono alikua akijua kuna kitu kule juu. Leo ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, anapima maziwa kituoni, mcheshi kama mama yake na mwenye vidole virefu ambavyo Molo nzima inasema ni vya baba yake. Ana picha moja ya Kipkemboi, amesimama kando ya lori, uso umeingia kivulini. Mwaka jana, baada ya kumzika shangazi yake, alirudi nyumbani akaketi karibu na moto.

"Mama, baba alikuwa na sauti gani?"

Chepchumba alifikiri. "Ya chini."

"Ya chini namna gani?"

Alijaribu kuiigiza, akashindwa. Ndipo akapanda ngazi. Alishuka na kile kitambaa, sasa rangi ya chai, akakifungua mapajani. Plastiki ilikuwa imejikunja kama maganda ya mahindi. Mikanda ya ndani ilikuwa imeshikana ikawa kitu kimoja, kigumu, cheusi. Aliigusa moja moja. Kisha akamsimulia binti yake habari ambayo hakuwa amemwambia mtu: kwamba baba yake hakuwahi kuimba wala kuongea kwenye kaseti yoyote, kwamba sauti yake ilisikika mara moja tu, kwa kikohozi, na kwamba ni yeye, kwa kidole hiki, aliyekikata katika kila nakala aliyoitoa.

"Kila nakala?"

"Kila niliyoifanya mimi."

Cherono alikifunga tena kile kitambaa. "Basi tutafute ambayo hukuifanya wewe," akasema. "Hata hicho kikohozi, mama, nitakichukua."

Ilikuwepo moja, nakala ya Bethwel. Bethwel mwenyewe alishafariki, na jina la yule dereva hakuna aliyelikumbuka. Wakaanza kuuliza. Miezi saba, kila Chepchumba alipopata mtu wa kumkamia jioni, walitafuta kaseti za Msichana wa Ghala katika nyumba za madereva wastaafu. Walizipata kumi na nne. Chepchumba hakuhitaji kusikiliza sana. Alisikia pumzi ya kwanza tu ya wimbo wa tatu akasema, "Ghala tupu," na hiyo ikawekwa kando. Zilizokuwa za ghala lililojaa aliziacha ziendelee, wakangoja, na ilipofika pale, gitaa likaruka. Mara ya nne Cherono alitoka nje kwa muda. Mara ya tisa Chepchumba alikitazama kidole chake, akakikunja ndani ya ngumi.

Tabby aliwapigia simu kutoka Mai Mahiu. Ana kibanda cha chai na chapati pale malori yanapopumzika chini ya mteremko, alichorithi kwa baba yake, na alikuwa amesikia habari zao kwa dereva mmoja wa kabichi.

"Mathe, karibu, kalia hapa, hiyo kiti ingine haina mguu," akasema walipofika. Akaweka kisanduku cha bisikuti mezani. "Hizi ni za buda. Madere walikuwa wakiacha kaseti hapa, wakirudi wanachukua. Wengine hawakurudi. Buda alisema mali ya mtu haitupwi."

Zilikuwa zaidi ya thelathini. Chepchumba alizipitia, na kwenye ile ya chini kabisa mkono ukasimama. Karatasi iliandikwa kwa kalamu ya bluu: Msichana wa Ghala, Agosti.

"Huu si mwandiko wangu," akasema. "Hii ni M ya Bethwel. Aliiandika hivyo hata kwenye stakabadhi."

Tabby alifuta redio yake kuukuu kwa aproni na kuitia kaseti. Wimbo wa kwanza ulitoka, na Chepchumba akafumba macho. "Magunia mpaka dirishani," akasema. Madereva wawili waliokuwa wakila walisimamisha vijiko. Wimbo wa pili ukakaribia mwisho, sauti ikazama, ikavutika kama ng'ombe anayelia kisimani, na redio ikala mkanda.

"Woi, mathe! Woi!" Tabby akaikimbilia.

"Usivute!" Chepchumba alisema, akimshika Tabby mkono. "Usivute, mama. Chomoa stima tu."

Waliibeba redio nzima hadi Nakuru, kaseti ikiwa ndani, kwenye mapaja ya Cherono.

Mzee Darweshi ana duka la kutengeneza redio Bondeni, alilofungua babu yake aliyekuja kutoka pwani na sanduku la bisibisi. Aliifungua redio kama mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Alipoutoa mkanda, sehemu yenye urefu wa kiganja ilikuwa imekunjamana kama matumbo ya kuku.

"Haujakatika, alhamdulillah," akasema. "Umetafunwa. Nikikata hapa na kuunga, utacheza bila wasiwasi. Lakini nitapoteza sekunde kama tatu."

"Za wimbo gani?" Cherono akauliza.

Darweshi alipima kwa jicho. "Mwisho wa pili, mwanzo wa tatu. Inawezekana hata katikati ya wa tatu. Siwezi kuapa. Mnachokitafuta ni kirefu kiasi gani?"

"Sekunde moja," akasema Chepchumba. "Haifiki mbili."

Mzee aliweka mkasi chini. Aliichukua glasi yake ya chai, akaishika shavuni kusikia joto lake, kisha akaanza kuupitisha mkanda juu ya ubavu wa glasi, polepole, akiunyoosha kwa kidole gumba.

Chepchumba akaruka. "Mzee, moto tena? Mimi nilizipika zingine kwa moto."

"Huu si moto, mama. Huu ni kama kiganja tu."

Ilichukua karibu saa nzima. Mlangoni watu walipita, mchuuzi wa karanga akachungulia na kuondoka. Hatimaye Darweshi akauhamishia mkanda kwenye ganda jipya, akaitia kwenye redio yake mwenyewe, na akainua kidole.

"Sikilizeni. Mahali pale pamechoka. Utapita mara moja, ya pili siahidi. Binti, weka simu yako hapa karibu na spika, urekodi. Waya ningetumia, lakini simu zenu za siku hizi hazina tundu. Kwa hiyo tutakachosikia na simu itakisikia. Asiongee mtu. Asiburute kiti." Akamtazama Chepchumba kwa utani. "Na wewe, mwimbaji, usiimbe."

"Sitaimba, mzee."

Cherono akabonyeza simu. Darweshi akabonyeza redio.

Wimbo wa pili ukaisha, ukiwa na michirizo kama mvua kwenye mabati, lakini ukaisha. Kimya cha ghala. Kisha sauti ya msichana wa miaka ishirini na mitano, asiye na vumbi, asiye na haraka, akisema kwamba anangojea taa. Mzee Darweshi alikuwa amewasikia waimbaji wengi katika duka lile. Aliinamisha kichwa. Mkanda ukafika pale palipotafunwa, sauti ikayumba, ikajishika, ikaendelea. Ubeti wa pili. Moja mbili zapotea. Cherono alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vile vidole virefu. Ya tatu ndiyo ya kwako.

Gitaa likashuka. Halikuruka. Likashuka ngazi zote, moja baada ya nyingine, na kwenye ngazi ya mwisho mwanamume aliyeketi magunia manne nyuma ya mkewe akakohoa.

Kilikuwa cha chini, kama Chepchumba alivyosema.

Cherono alifunika mdomo kwa mikono yote miwili ili asitoe sauti. Simu ilikuwa inaendelea kurekodi. Mama yake alikuwa ameahidi kutoimba na hakuimba. Aliinama tu mpaka shavu lake likakaribia spika, na kwa sauti ndogo kuliko mchirizo wa mkanda akasema:

"Pole, Kipkemboi."